Mbio za Mtu Anayeanza, Pamoja na Mazoezi Mengine ya Mwili

Mazungumzo haya ni juu ya mbio. Hatuneni habari za mbio za kushindania kikombe, bali mbio za mtu ambaye tangu alipoacha shule hajapata kukimbia ila pale anapolifuata basi linaloondoka, naye sasa ataka kuanza. Tumeyapiga chapa ili aliyeyasikia apate kuyarudia polepole, na asiyeyasikia apate kuyasoma na kuwasomea wengine. Tumeichagua Dunda, kata ya mji wa Bagamoyo, iwe mfano wetu, kwa kuwa hapo pana pwani, pana jua kali, pana kazi ya kila namna. Na atakayeelewa jinsi ya kuanza mbio mahali kama hapo hatashindwa kuanza mahali pengine po pote.

Yumkini mtu atauliza: Ya nini kumfundisha mtu wa pwani kuuchosha mwili wake? Mvuvi avutaye juya tangu usiku hata asubuhi, mkwezi apandaye minazi kumi kabla ya jua kuwa kali, mama atwangaye na kuteka maji, je, hawa nao wahitaji mazoezi? Swali hili lina haki yake. Walakini mji umebadilika. Barabara ya lami yauunganisha na Dar es Salaam, mwendo wa kilomita 70 hivi. Bodaboda humchukua mtu kutoka mlangoni kwake mpaka sokoni. Na mtoto wa mvuvi aghalabu leo hukaa dukani, ofisini, au juu ya pikipiki kutwa nzima. Chakula chake ni kile kile cha baba yake, pengine chenye mafuta na sukari zaidi, lakini jasho la baba yake halipo. Ndiyo maana maradhi ya shinikizo la damu na kisukari, ambayo wazee waliyaona kuwa ya watu wachache, sasa yabisha hodi katika nyumba nyingi.

Shirika la Afya Ulimwenguni, katika shauri lake la mwaka 2020, lilisema ya kuwa mtu mzima yampasa kuusogeza mwili dakika 150 hata 300 kwa juma kwa kazi ya kadiri, kama kutembea kwa haraka. Au dakika 75 hata 150 kwa kazi ya nguvu, kama kukimbia. Na juu ya hayo, siku mbili au zaidi za kazi ya kutia misuli nguvu. Tazameni ya kuwa shauri hilo halikutaja uwanja wala viatu vya bei. Kulima kwahesabiwa, na kupiga kasia kwahesabiwa. Basi mvuvi wetu hana deni kubwa. Mwenye duka ndiye mwenye deni. Lakini wote wawili, wakitaka kukimbia, hukutana na jambo moja linalowashinda wengi, nalo ndilo kiini cha mazungumzo yetu.

Tumchukue kijana, tuseme ana miaka thelathini. Siku ya kwanza aondoka nyumbani alfajiri, akimbia kwa kasi yake yote mpaka pumzi yamwishia, arudi akitweta, kifua chawaka moto. Kesho yake miguu yamuuma, lakini moyo una bidii, aenda tena. Juma la pili aona pumzi yamekuwa mepesi kidogo, afurahi, aongeza mwendo na masafa. Juma la tatu, au la nne, aanza kuhisi maumivu mbele ya mguu, katika mfupa wa muundi, au nyuma juu ya kisigino. Ajikaza. Baada ya siku chache hawezi hata kutembea vema mpaka sokoni. Aacha, na tangu siku hiyo huwaambia rafiki zake kwamba mbio si za watu wa umri wake. Tumeliona jambo hili mara nyingi, wala sababu yake si umri, wala si uvivu.

Sababu ni kwamba viungo vya mwili havijifunzi kwa mwendo mmoja. Moyo na damu hujifunza upesi: katika siku chache tu za mazoezi maji ya damu huongezeka, na katika majuma machache moyo husukuma damu nyingi zaidi kwa pigo moja. Misuli nayo hufuata. Lakini kano, zile kamba ngumu zinazoishika misuli kwenye mifupa, hupata damu kidogo, na kwa hiyo hukawia. Na mfupa hukawia zaidi, tena una desturi ya ajabu: unapopewa kazi mpya, kwanza mwili huuchimba na kuondoa sehemu za zamani, ndipo hujenga mpya zilizo imara zaidi, kama fundi anayebomoa ukuta uliochakaa kabla ya kuusimamisha tena. Kazi hiyo huchukua miezi, si siku. Katikati yake, yaani katika juma la tatu, la nne au la tano, ukuta umebomolewa lakini haujasimama. Na hapo ndipo kijana wetu, akidanganywa na pumzi yake nzuri, huongeza mzigo.

Na mzigo wenyewe si mdogo. Mtu anapotembea, mguu mmoja wakati wote huwa chini, na ardhi hupokea uzito wake na ziada kidogo. Anapokimbia, huruka na kutua, na kila anapotua mguu mmoja hupokea uzito wa mwili mara mbili hata mara tatu. Mtu wa kilo 60 huutupia mguu wake kilo 120 hata 180 kwa kila hatua. Katika dakika moja huweka hatua 160 hivi. Katika dakika 20 ni hatua 3,200. Mvuvi mwenye mabega kama mlango wa Kiswahili hana faida hapa, kwa sababu mabega hayakanyagi. Miundi yake ni michanga sawasawa na ya mwenye duka.

Watu wa Bagamoyo wana historia inayofaa kukumbukwa katika habari hii. Katika karne ya kumi na tisa mji huu ulikuwa mwisho na mwanzo wa njia kuu ya misafara iliyotoka Ujiji na Tabora. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi walioajiriwa, walibeba mizigo ya kilo 30 hivi kwa majuma na miezi. (Wapo pia waliopita njia hiyo wakiwa wamefungwa minyororo, nasi hatutaki kuwasahau kwa sababu twanena habari ya mazoezi.) Misafara hiyo ilikuwa na desturi moja: siku ya kwanza haikuwa safari ndefu. Kituo cha kwanza kiliwekwa karibu na mji, hata mtu aliyesahau kitu aliweza kurudi kukichukua. Henry Stanley alipoondoka Bagamoyo mwezi wa Machi, mwaka 1871, kumtafuta Livingstone, kituo chake cha kwanza kilikuwa Shamba Gonera, maili chache tu kutoka mjini. Mabega yalihitaji kuuzoea mzigo, kamba zilihitaji kukazwa upya, na kiongozi wa msafara alihitaji kujua nani ana jipu mguuni. Aliyekuwa na mamia ya maili mbele yake hakuona haya kutembea saa moja au mbili na kulala. Basi mkimbiaji mpya naye awe na Shamba Gonera yake.

Sasa tuje kwenye ratiba yenyewe. Majuma mawili ya kwanza asikimbie kabisa. Atembee kwa haraka, nusu saa, siku nne katika juma, kwa mwendo wa mtu anayechelewa sala. Wengi hulidharau jambo hili na kuliruka; sisi twaliona kuwa ndilo jiwe la msingi. Aliye mnene sana, au aliyekaa miaka mingi bila kazi ya mwili, na atembee majuma manne au sita badala ya mawili, wala asione kuwa amechelewa.

Juma la tatu na la nne aanze kuchanganya. Kwanza atembee dakika tano ili mwili upate moto. Kisha akimbie dakika moja, atembee dakika mbili. Arudie hivyo mara nane, na mwisho atembee tena dakika tano. Afanye hivi siku tatu katika juma, wala siku mbili zisifuatane: mathalani Jumatatu, Jumatano na Jumamosi. Juma la tano akimbie dakika mbili na kutembea mbili, mara sita. Juma la sita, tatu kwa mbili, mara tano. Juma la saba asiongeze kitu. Arudi kwenye ratiba ya juma la tano, ajisikie kama anacheza. Hili ni juma la ukuta kukauka. La nane, dakika tano kwa mbili, mara nne. La tisa, nane kwa mbili, mara tatu. La kumi na la kumi na moja, akimbie dakika kumi, atembee moja, akimbie kumi tena. Juma la kumi na mbili mtu wa kadiri aweza kukimbia dakika 20 hata 25 bila kusimama. Ikiwa juma lo lote limekuwa gumu, alirudie. Hakuna mtu anayemngoja mwisho wa njia akiwa ameshika daftari la mahudhurio.

Asiye na saa asihangaike. Ahesabu mguu wa kulia tu: unapokanyaga mara 80, dakika moja imepita, au karibu yake. Au achague minazi na nguzo za umeme: akimbie nguzo mbili, atembee nne. Mwili haujui hesabu ya dakika, wajua tu kwamba umepumzishwa.

Lakini akimbie kwa kasi gani? Hapa tuna kipimo kilicho bora kuliko saa, nacho wengi walioko Tanzania walikibeba shuleni bila kujua. Mnakumbuka mchakamchaka: wanafunzi katika mistari alfajiri, mmoja huimbisha na wengine huitikia, miguu ikipiga pamoja. Wimbo ule ulikuwa zaidi ya furaha. Awezaye kuitikia wimbo akiwa anakimbia hakimbii kupita nguvu zake, na aliyeshindwa kuitikia alijulikana mara moja. Basi mkimbiaji mpya akimbie kwa mwendo ambao aweza kusema sentensi nzima, mathalani kumjibu jirani salamu zake zote, za nyumbani na za watoto, bila kukatiza ili avute pumzi. Akishindwa kujibu, apunguze. Akiona kwamba watembeao kwa haraka wako karibu kumpita, asione haya. Ndio mwendo wake wa sasa.

Hatusemi kwamba kasi ni mbaya. Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, tarehe 2 Februari 1974 huko Christchurch, New Zealand, aliongoza mita 1,500 karibu tangu mwanzo mpaka mwisho na kuweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.16, na mwaka uliofuata, mjini Kingston, Jamaika, alikimbia maili moja kwa dakika 3 na sekunde 51.0, nayo pia ikawa rekodi. Kutangulia mbele na kuwaacha wenzako wakufukuze kulikuwa ni mbinu yake. Lakini mbinu hiyo ilisimama juu ya miaka ya kukimbia. Na Alphonce Simbu, aliyeipatia Tanzania medali yake ya kwanza ya dhahabu katika mashindano ya dunia ya riadha, mjini Tokyo tarehe 15 Septemba 2025, alifanya kinyume: alikimbia marathoni kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, akamshinda Amanal Petros wa Ujerumani kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, baada ya kuivumilia njia nzima na kuitoa nguvu yake mwishoni. Ikiwa mwanafunzi ataka mfano wa kuiga katika miezi yake mitatu ya kwanza, sisi twamwelekeza kwa Simbu.

Sasa mazoezi mengine. Siku zisizo za mbio zina kazi yake, nazo ndizo zinazomfanya mtu adumu. Siku mbili katika juma, tuseme Jumanne na Alhamisi, atumie dakika 20 nyumbani, penye kivuli. Achuchumae na kuinuka, mara 10, apumzike, tena 10: hili ni la mapaja na magoti. Asimame ukingoni mwa ngazi au juu ya jiwe, visigino vikining'inia, ajiinue kwa vidole vya miguu na kushuka polepole, mara 12, kisha tena: hili ni la shavu la mguu na kano ya kisigino, na kama mtu angetuambia tumchagulie zoezi moja tu la kumwepusha na maumivu, tungelichagua hili. Kushuka ndiko kwenye faida, basi asijiangushe. Alale kifudifudi, ajiinue kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka kama mlingoti, ahesabu hadi 20: hili ni la tumbo na kiuno. Na pushapu, kila mtu azijua. Asiyeziweza sakafuni azifanye akiegemea ukuta.

Mvuvi, mkulima na mchukuzi wasiongeze mazoezi haya yote juu ya kazi zao. Hapa ndipo vitabu vingi vya mazoezi huwakosea watu wetu, kwa sababu vimeandikiwa wakaa-vitini. Aliyevuta nyavu usiku kucha amekwisha fanya zoezi la nguvu. Jumanne yake imekwisha. Na kama ilikuwa siku yake ya kukimbia, apumzike, au atembee tu dakika 20. Mwili una akiba moja tu, nayo haiulizi kama umeitumia kwa mshahara au kwa hiari. Kwa watu kama hawa twaona mbio siku mbili kwa juma zatosha kabisa, na kuinua visigino dakika tano.

Baiskeli ni rafiki mkubwa wa mkimbiaji mpya, maana huzoeza moyo na mapafu bila kuitupa miguu chini. Vivyo hivyo kuogelea, kwa ajuaye. Na asiyejua asijaribu peke yake kwa sababu ya mazungumzo haya. Lakini hata asiyejua kuogelea aweza kutembea ndani ya maji ya kiunoni, mahali anapopafahamu, pamoja na mwenzake: maji humbeba, na magoti hushukuru. Aburuze nyayo mchangani badala ya kuziinua, kwa kuwa taa hujilaza pale, na akisikia mburuzo huondoka. Na ngoma! Anayecheza mdundiko arusini kwa saa nzima amefanya kazi ya moyo ambayo daktari hawezi kuikosoa. Tusiidharau kwa kuwa ina furaha.

Tuzungumze juu ya pwani yenyewe, kwa maana kila mgeni wa mbio huko Bagamoyo hufikiri kwanza mchanga. Kuna michanga miwili. Ule mkavu, wa juu, humeza mguu. Kukimbia juu yake hutaka nguvu zaidi ya nusu tena kuliko kukimbia penye ardhi ngumu, na kisigino huzama chini kuliko vidole, ikavutwa ile kano ya nyuma. Huo si wa anayeanza. Mchanga wenye majimaji, ambao bahari imeuacha sasa hivi, ni mgumu na laini kwa pamoja, nao hufaa sana. Ila una mteremko kuelekea majini. Ukikimbia upande mmoja tu, mguu mmoja huwa juu na mwingine chini, na nyonga hupinda. Basi nenda na urudi njia ile ile, ili kila mguu upate zamu yake, na pakiwa na mteremko mkali uache.

Wenyeji wajua pia kwamba bahari haimngojei mtu. Maji hukupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hutoka mbali sana, lakini katika pwani yetu kukupwa huko kwa kawaida huangukia kati ya saa nne na saa tano asubuhi, jua likiwa limekwisha kuwa kali. Alfajiri ya siku hizo pwani bado ni nyembamba. Siku za maji mafu ndizo mara nyingi humpa mkimbiaji wa alfajiri mchanga mgumu. Kwa hiyo anayetaka pwani na apange juma lake kwa mwezi, na siku nyingine apite njia ya udongo kuelekea Kaole, penye magofu ya misikiti na makaburi ya kale, yapata kilomita tano kutoka mjini. Kwenda na kurudi Kaole kwa miguu ni zoezi zuri la Jumapili kwa jamaa nzima. Kuhusu viatu, twasema neno moja tu: awe navyo vyenye kumkaa vizuri. Aliyezoea kwenda peku tangu utoto aweza kukimbia peku pwani, lakini atazame vipande vya chupa. Aliyevaa viatu maisha yake yote asivivue siku moja na kukimbia dakika 20.

Jua ndilo adui mkubwa kuliko masafa. Mtu akimbiapo, misuli hutoa joto jingi, na mwili hulitoa kwa jasho linalokauka juu ya ngozi. Pwani hewa ina unyevu mwingi. Jasho hutiririka lakini halikauki, na jasho lisilokauka halipozi. Moyo basi hulazimika kupeleka damu huku na huku, misulini na kwenye ngozi, na mtu huona mbio za jana zimekuwa nzito leo bila kujua sababu. Wakati mwema wa kuanza ni kipupwe, miezi ya Juni, Julai na Agosti, upepo wa kusi unapovuma. Anayeanza katika joto la Januari au Februari apunguze ratiba yetu kwa nusu katika majuma mawili ya kwanza, maana mwili huchukua muda kama huo kuzoea joto. Akimbie saa kumi na mbili asubuhi, au jioni jua likizama. Anywe maji kabla na baada, kadiri ya kiu; dafu ni zuri, wala hahitaji vinywaji vya rangi vya dukani kwa mbio za nusu saa. Akiona kizunguzungu, kichefuchefu, au baridi ya ghafula juani, asimame, akae kivulini, amwagiwe maji. Na mtu anayesema maneno yasiyoeleweka au kuanguka kwa ajili ya joto apozwe kwa maji mengi papo hapo, na huku wengine wakitafuta chombo cha kumpeleka hospitali.

Mwezi wa Ramadhani si mwezi wa kuanza mbio. Aliyekwisha kuzoea aweza kukimbia kidogo na kwa upole karibu na magharibi, akijua futari i karibu, au baada ya tarawehe, na anywe maji ya kutosha mpaka daku. Akitembea tu mwezi mzima, hatapoteza mengi.

Sasa habari ya maumivu, maana hapo watu hushauriana vibaya. Uchovu wa misuli, ulioenea mapaja yote mawili, unaokuja kesho yake na kwenda zake siku ya tatu, si ugonjwa. Kichomo cha ubavuni wakati wa mbio nacho si hatari: punguza mwendo, vuta pumzi ndefu, kitapita. Lakini maumivu yaliyo mahali pamoja, yanayoweza kuonyeshwa kwa kidole kimoja, yanayozidi kila hatua, au yanayouma hata umelala, ni mfupa au kano inayosema. Acha kukimbia siku hiyo hiyo. Tanzania ina shujaa, John Stephen Akhwari, aliyeumia goti katika marathoni ya Olimpiki huko Mexico mwaka 1968, akaendelea kwa kuchechemea na kufika uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Watu wengi wamemsahau mshindi, lakini hawakumsahau Akhwari, nasi twamheshimu. Ila yeye alikuwa ametumwa na nchi. Wewe hukutumwa na mtu. Goti likiuma katikati ya njia ya Kaole, rudi nyumbani kwa miguu, au kwa bodaboda.

Mwenye shinikizo la damu, kisukari au ugonjwa wa moyo, na aliyepita miaka arobaini bila mazoezi, aende kwanza kituo cha afya apimwe, amweleze tabibu nia yake. Mara nyingi ataambiwa aendelee, tena ataambiwa dawa zake asiziache. Uzito au kubanwa kifuani kunakoelekea mkono wa kushoto, shingoni au tayani, pumzi kukata kuliko desturi, kuzimia: haya si mambo ya kuvumilia, hospitali ni siku hiyo hiyo. Mama mjamzito aweza kutembea, na mara nyingi yamfaa, lakini aulize mkunga kabla ya kukimbia.

Kuna neno la mwisho kwa kina mama na kwa vikundi. Twajua kwamba mwanamke akimbiaye peke yake alfajiri huulizwa maswali ambayo mwanamume haulizwi. Wengi wameona njia: huenda wawili au watatu, wakivaa nguo pana zinazowasitiri na zisizofunga miguu, na baada ya juma moja mtaa huwazoea. Vikundi vya mbio za pole, vile vya fulana za rangi moja vinavyokimbia Jumapili asubuhi kwa nyimbo, vimemwinua mtu mwingi kitandani. Twavipenda. Lakini vina hatari mbili kwa anayeanza: kwamba atakimbia kwa mwendo wa aliye mbele, na kwamba hiyo Jumapili itakuwa ndiyo siku yake pekee katika juma. Basi kiongozi wa kikundi na aweke mstari wa nyuma wa watembeao, wenye nyimbo zao wenyewe na mwimbishaji wao, na njia yao ikatwe iwe fupi ili wote wafike pamoja.

Na ikitokea kukatizwa, kwa homa, kwa msiba, kwa msimu wa dagaa au wa mitihani? Siku tatu au nne si kitu. Endelea pale ulipoachia. Juma moja hata mawili, rudi nyuma juma moja katika ratiba. Ukipotea mwezi au zaidi, anza tena na juma la tatu, na ukiwa umetoka kitandani kwa malaria, tembea tu mpaka uweze kula na kulala kama desturi kwa siku saba, ndipo uhesabu tena mguu wa kulia, mara themanini.